Zebaki Iliposimama: Historia ya Yutektiki na Michoro ya Fezi

Risasi ikitiwa motoni peke yake huyeyuka joto lifikapo digrii 327 za Selsiasi, na bati likitiwa peke yake huyeyuka katika digrii 232. Walakini madini haya mawili yakichanganywa kwa kadiri ya sehemu 62 za bati na 38 za risasi kwa uzito, huyeyuka yote pamoja katika digrii 183, yaani chini hata ya kiwango cha lile lililo jepesi kuyeyuka baina yao. Mtu asiyelijua jambo hili angetazamia mchanganyiko ushike njia ya katikati, wala hangelaumiwa kwa kutazamia hivyo. Lakini maumbile yalishika njia nyingine, na wanazuoni wa Ulaya na Marekani walihitaji karibu miaka mia mbili, tangu walipoanza kupima mpaka walipojua kwa yakini, ili kuieleza njia hiyo. Mchanganyiko huo uyeyukao mapema kuliko michanganyiko mingine yote ya vitu vile vile ndio uitwao yutektiki. Na mchoro unaoonyesha, kwa kila kadiri ya mchanganyiko na kwa kila joto, kipi kimeyeyuka na kipi kimeganda, ndio mchoro wa fezi. Historia ya viwili hivi ni moja, na kitovu chake ni tukio dogo ambalo mtu mwenye haraka asingelijali: zebaki iliyokuwa ikishuka ndani ya kipimajoto, huku madini yakipoa, ilisimama mahali ambapo haikujulikana sababu ya kusimama.

Mafundi kabla ya wanazuoni

Wako wanaoiandika habari ya elimu hii kana kwamba ilianza siku profesa wa kwanza aliposhika kalamu. Mimi sioni hivyo, maana mafundi walijua kutenda zamani sana kabla wanazuoni hawajajua kueleza. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, ametaja katika kitabu chake kikubwa cha habari za maumbile kuwa mafundi wa zama zake walikuwa na mchanganyiko wa sehemu mbili za risasi na sehemu moja ya bati, waliokuwa wakiunganishia mabomba. Kadiri hiyo ina hikima ndani yake. Mchanganyiko wenye risasi nyingi hivyo huanza kuganda kiasi cha digrii 250, lakini haumalizi kuganda mpaka ushuke digrii 183, na baina ya viwango hivyo viwili huwa rojorojo, si maji wala si yabisi, hata fundi wa mabomba akapata nafasi ya kuukanda kuzunguka kiungo na kuulainisha kabla haujashika. Mwenye kulehemu vyombo vidogo hana haja na rojorojo hiyo. Yeye ataka lehemu imiminike upesi na ishike upesi, kwa hiyo huzidisha bati mpaka akaribie ile kadiri iyeyukayo na kuganda kwa mara moja. Tofauti hizi zilipokewa na mwanagenzi kutoka kwa fundi wake, karne baada ya karne, pasipo mtu kuiandika sababu yake.

Barafu, chumvi na vipimo vya joto, 1701 hadi 1788

Sababu isingeweza kutafutwa kabla joto halijapata kipimo. Mwaka 1701 ilichapishwa London, katika jarida la Royal Society, makala fupi ya Kilatini isiyo na jina la mtungaji, na mtungaji wake hakuwa mwingine ila Isaac Newton. Kipimajoto chake cha mafuta ya kitani hakikuweza kufika kwenye joto kali; basi alichukua pande la chuma lililowaka hadi kuwa jekundu, akaliweka mahali penye upepo, akapanga juu yake vipande vya madini na vya michanganyiko ya bati, risasi na bismuthi, akangoja aone kila kipande kinaganda baada ya muda gani. Alichotaka ni ngazi ya nukta zilizo imara, na michanganyiko ilimpa nukta nyingi kuliko ambavyo madini safi yangeweza kumpa. Ila kwa nini nukta hizo zilikuwa chini kiasi kile, hakueleza.

Miaka 23 baadaye Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi ya kutengeneza vipimajoto nchini Uholanzi, alieleza namna alivyoipata sifuri ya kipimo chake: alichanganya barafu, maji na chumvi ya amonia, au hata chumvi ya bahari. Mchanganyiko wa namna hiyo, maadamu barafu na chumvi zote mbili zingalimo hazijaisha, hujishikilia katika baridi yake wala haupandi kwa urahisi, na kwa ajili hiyo ulimfaa mtu atafutaye mwanzo wa hesabu. Kisha mwaka 1788 Charles Blagden, aliyekuwa daktari na katibu wa Royal Society, alionyesha kwa vipimo kuwa chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa maji kwa kadiri ile ile inavyozidishwa. Nusu ya jawabu ilikuwa imekwisha kupatikana hapo, lakini ilikuwa jawabu la chumvi na maji, na hapakuwa na mtu aliyedhani kuwa lehemu ya fundi na barafu ya Blagden ni mambo ya jamaa moja.

Uppsala, 1830

Madini yalimpata mpimaji wao baada ya miaka arobaini na kitu. Fredrik Rudberg, profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, alizaliwa mwaka 1800 na kufariki kabla ya kutimiza miaka arobaini. Na katika umri huo mfupi alifanya tajriba moja ambayo kwayo astahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Yapata mwaka 1830 aliyeyusha bati na risasi kwa kadiri mbalimbali, akatia kipimajoto cha zebaki ndani ya kila mchanganyiko, akauacha upoe huku akiandika muda uliopita kwa kila hatua zebaki iliyoshuka. Kitu kinachopoa pasipo kubadilika hali hushuka joto lake kwa utaratibu usiokatika. Kikianza kuganda hulitoa joto lililokuwa limejificha ndani yake, na zebaki hukawia, au husimama kabisa. Katika michanganyiko iliyo mingi Rudberg aliona kuwa zebaki ilizuiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa juu, na mahali pake palihama kwa kufuata kadiri ya bati na risasi. Mara ya pili ilikuwa chini, na mahali pake hapakuhama hata kidogo: mchanganyiko uwe na risasi nyingi, uwe na bati jingi, zebaki ilikuja ikasimama pale pale. Na katika kadiri moja tu visimamo viwili vilikutana vikawa kimoja.

Yafaa kukaa kidogo hapa, kwa kuwa yote yafuatayo yametoka katika kisimamo hiki cha pili. Mchanganyiko wenye risasi kupita kiasi ukipoa, kinachoanza kutoka ni punje za risasi. Kwa kutoka kwake, maji yaliyobaki huzidi kuwa ya bati, na kwa kuzidi bati yanahitaji baridi zaidi ili yatoe risasi nyingine. Hivyo huendelea, joto likishuka na maji yakigeuka, mpaka yafikie kadiri fulani ambayo bati na risasi hutoka pamoja, na hapo joto halishuki tena mpaka tone la mwisho ligande. Ukianza na bati jingi, safari huenda kwa upande wa pili, lakini mwisho wake ni pale pale.

Rudberg aliielewa sehemu kubwa ya habari hii. Alipofika kwenye swali la nini hasa hicho kilichoganda mwishoni, alijibu kuwa ni kiwanja halisi cha kikemia, cha atomu tatu za bati kwa moja ya risasi. Tusimhukumu kwa ukali. Uswidi ya zama zile ilikuwa nchi ya Berzelius, aliyezipima atomu za elementi na kuwafundisha watu kuwa vitu vinavyoungana huungana kwa hesabu kamili. Na atomu tatu za bati kwa moja ya risasi hufanya bati kuwa sehemu 63 katika mia ya uzito, hesabu iliyo karibu mno na kipimo chake hata ikamtia mtu imani. Kitu chenye kiwango kimoja cha kuganda, kisichobadilika, chenye kadiri moja: kwa elimu ya siku zile kitu cha namna hiyo kilikuwa na jina moja tu. Dhana hiyo ilikaa katika vichwa vya watu nusu karne nzima.

Nyumba ya sarafu

Wakati huo huo tatizo lile lile lilikuwa likiwasumbua watu wasiojali nadharia. Sarafu ya fedha ya Uingereza ilitakiwa kisheria iwe na sehemu 925 za fedha katika 1000, na sehemu zilizosalia zikiwa shaba. Lakini mkuo wa fedha ukimiminwa na kupoa, kipande kilichokatwa ukingoni na kipande kilichokatwa katikati havikutoa hesabu moja, na mpimaji mwaminifu aliweza kuonekana mwongo pasipo kosa lake. Katikati ya karne ile Levol, mpimaji wa Kifaransa, alikuwa amekwisha kuona kuwa mchanganyiko mmoja tu wa fedha na shaba hutoka sawasawa kila pembe, nao ni wa fedha kiasi cha 719 katika 1000. William Chandler Roberts, mkemia wa nyumba ya kupigia sarafu ya London, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Roberts-Austen, mwaka 1875 alitoa vipimo vya joto la kuyeyuka la michanganyiko hiyo kuanzia fedha tupu hadi shaba tupu. Mstari wake ulishuka kutoka upande wa fedha, ukafika chini, kisha ukapanda kuelekea shaba. Na mahali ulipofika chini palikuwa karibu na mchanganyiko wa Levol. Fedha huyeyuka katika digrii 962 na shaba katika 1085, ilhali mchanganyiko huo huyeyuka katika digrii 779 hivi. Uko sawasawa kila pembe kwa sababu unaganda wote kwa mara moja, haumpi mmoja nafasi ya kutangulia na kumwacha mwenziwe nyuma.

Frederick Guthrie, 1874 hadi 1884

Aliyeunganisha chumvi na madini alikuwa mwanafizikia na mkemia wa Kiingereza, Frederick Guthrie, aliyezaliwa mwaka 1833. Kabla hajapata uprofesa London alifundisha tangu 1861 hadi 1867 katika Royal College ya kisiwa cha Morisi, mashariki ya Bukini, kwa hiyo miaka kadhaa ya ujana wake ilipita katika bahari yetu ya Hindi. Mwaka 1874 ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa chama cha wanafizikia cha London, na kuanzia mwaka huo huo akaingia katika kazi ya kugandisha maji ya chumvi za kila namna. Aliona kuwa kila chumvi ina kadiri moja ambayo maji yake huganda yote kwa pamoja, kwenye baridi iliyo chini kabisa, isiyobadilika. Chumvi ya kawaida, kwa mfano, ikiwa sehemu 23 katika mia, huganda kiasi cha digrii 21 chini ya sifuri. Naye alianza kwa dhana ile ile ya Rudberg, akaviita vitu hivyo kriohidrati, akiamini kuwa chumvi na maji vimeungana kweli kweli. Lakini hesabu za molekuli zilikuwa mbaya: hazikutoa namba kamili, zilitoa vipande na nusu.

Uzuri wa Guthrie ni kuwa hakuacha kupima alipokwisha kutoa jina. Aliendelea kuyeyusha shura pamoja na chumvi nyingine pasipo maji, kisha akaingia katika madini, akichanganya bismuthi na wenziwe. Kila alipokwenda alikuta jambo moja, na kila mahali zile namba zilikataa kuwa kamili. Mwaka 1884 alitoa makala yake juu ya mambo hayo katika Philosophical Magazine, akakipa kitu hicho jina la Kiyunani tunalolitumia hata leo, yutektiki, na akasema waziwazi kuwa wazo lililotangulia vichwani, la kwamba mchanganyiko uyeyukao mapema hauna budi kuwa wa atomu zilizohesabika sawasawa, ndilo lililowapoteza watafiti waliopita. Nimeisoma hoja hiyo kwa heshima, kwa sababu miongoni mwa waliopotezwa na wazo hilo alikuwamo yeye mwenyewe, na alilivunja kwa vipimo vyake mwenyewe. Alifariki mwaka 1886. Baadaye, maji yenye chumvi za rangi yalipogandishwa na kutazamwa kwa hadubini, zilionekana punje za barafu zisizo na rangi na punje za chumvi zenye rangi zimelala ubavu kwa ubavu, kila moja na asili yake. Kiwanja hakikuwapo, walikuwapo wawili waliotoka kwenye maji kwa wakati mmoja.

New Haven, 1875 hadi 1878

Hata hivyo Guthrie aliondoa jawabu la uongo pasipo kuleta la kweli. Ikiwa si kiwanja, kwa nini zebaki isimame? Jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa ng'ambo ya Atlantiki. Josiah Willard Gibbs aliteuliwa mwaka 1871 kuwa profesa wa fizikia ya hisabati katika chuo cha Yale, mjini New Haven, pasipo mshahara, na hakupewa mshahara mpaka mwaka 1880. Baina ya 1875 na 1878 alitoa, katika jarida la chuo cha elimu cha jimbo lake la Connecticut lililosomwa na watu wachache, makala ya kurasa zaidi ya 300 juu ya mizani ya vitu vyenye hali mbalimbali vikikaa pamoja. Ndani yake mna kanuni ambayo yaweza kuandikwa katika mstari mmoja. Kila sehemu ya mchanganyiko iliyo ya namna moja na yenye mpaka wake, kama vile maji, barafu, mvuke au punje za chumvi, tuiite fezi. Basi hesabu ya mambo yaliyo huru kubadilika ni idadi ya vitu vilivyochanganywa, ongeza mbili, toa idadi ya fezi. Na ikiwa kanieneo ya hewa haibadiliki, kama ilivyo kwenye meza ya fundi, badala ya kuongeza mbili utaongeza moja.

Tuipeleke kanuni hii kwenye chungu cha Rudberg. Vitu ni viwili, bati na risasi. Zebaki iliposimama mara ya pili, ndani ya chungu mlikuwa na fezi tatu: maji ya mchanganyiko, punje za bati, na punje za risasi. Mbili ongeza moja ni tatu, toa tatu, haibaki kitu. Hakuna lililo huru: joto haliwezi kushuka wala kadiri ya maji haiwezi kubadilika maadamu fezi zote tatu zimo, na ili joto lishuke ni lazima moja iishe kwanza. Zebaki ilisimama kwa kuwa haikuruhusiwa kwenda. Kisimamo cha kwanza, chenye fezi mbili tu, kilikuwa na uhuru mmoja, ndiyo maana mahali pake palihama kwa kufuata kadiri.

James Clerk Maxwell wa Cambridge alikuwa mmoja wa wachache waliomwelewa Gibbs mapema, hata alifinyanga kwa plasta umbo la hisabati ya maji kwa kuzifuata kazi zake za 1873 na kumpelekea mfano. Lakini Maxwell alifariki mwaka 1879. Kanuni ya fezi ililala katika jarida lake hadi yapata 1886, van der Waals wa Amsterdam alipomwonyesha Hendrik Bakhuis Roozeboom, mkemia wa Leiden aliyekuwa amekwama katika tajriba zake. Wilhelm Ostwald aliifasiri kazi ya Gibbs kwa Kijerumani mwaka 1892, na Henry Le Chatelier kwa Kifaransa mwaka 1899. Roozeboom ndiye aliyeitoa kanuni katika hisabati na kuitia mikononi mwa wapimaji.

Chuma, 1786 hadi 1900

Lakini dunia isingeujali mchoro wa fezi kwa ajili ya barafu na lehemu peke yake. Iliujali kwa ajili ya chuma. Kuwa chuma laini, feleji na chuma cha kusubu hutofautiana kwa kaboni iliyomo ndani yao lilionyeshwa mwaka 1786 na Wafaransa watatu, Vandermonde, Berthollet na Monge. Wahunzi hawakuwangoja. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya ziwa Nyanza, uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery uliotolewa mwaka 1978 umeonyesha kuwa watu walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni katika tanuri zao za mivukuto kabla ya kuja kwa mgeni yeyote wa Ulaya, kwa muda wa karne nyingi. Nao Wachina walisubu chuma kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa chuma kilichojaa kaboni kiasi cha sehemu 4.3 katika mia huyeyuka karibu na digrii 1150, ilhali chuma safi hakiyeyuki mpaka digrii 1538. Chuma cha kusubu, kwa asili yake, ni mchanganyiko wa yutektiki au jirani yake.

Mwaka 1863 Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield aliyeishi kwa mali yake na kuitumia kwa elimu, alisugua vipande vya chuma hata vikang'aa kama kioo, akaviosha kwa asidi nyepesi, akavitazama kwa hadubini. Ndani ya feleji aliona sehemu inayometa rangi za lulu, na mwaka 1887, kwa hadubini yenye nguvu zaidi, akatambua kuwa lulu ile ni vibamba vyembamba mno vilivyopangwa kwa zamu, kimoja laini, kimoja kigumu. Hakuna aliyejua kwa nini vipangike hivyo. Huko Urusi, katika kiwanda cha Obukhov karibu na St. Petersburg, mizinga ya feleji ilikuwa ikipasuka. Dmitry Chernov, aliyetakiwa kutafuta sababu, alitangaza mwaka 1868 kuwa feleji ina viwango fulani vya joto ambavyo hali yake ya ndani hugeuka, na alivijua kwa jicho lake tu, kwa kutazama rangi ya chuma kikiwaka.

Zebaki haiwezi kuingia katika joto la namna hiyo, maana huchemka mapema mno. Kizuizi hicho kiliondolewa na Le Chatelier, aliyeunganisha uzi wa platini na uzi wa platini iliyotiwa rodi, ambao ncha yao ikipashwa moto hutoa umeme mdogo unaopimika. Floris Osmond wa Paris alikichukua chombo hicho, na kuanzia 1887 akaipoza feleji kama Rudberg alivyoipoza lehemu. Visimamo vilikuwapo! Na ajabu yake ni kuwa vilitokea chuma kikiwa kimekwisha kuganda zamani, kigumu cha kugongwa kwa nyundo: ndani ya yabisi mlikuwa na kugeuka kama kule kwa maji yanayoganda. London nako Roberts-Austen alipewa na chama cha wahandisi wa mitambo kazi ya kuchunguza michanganyiko ya madini; alitengeneza chombo cha kuandika mstari wa kupoa kwa picha, na katika taarifa yake ya 1897 akatoa mchoro wa chuma na kaboni. Haja ilikuwa kubwa: miaka miwili nyuma gari moshi lilikuwa limeacha njia karibu na St Neots kwa kuvunjika reli, na reli hiyo ilifika mikononi mwake ili aichunguze.

Mchoro wa Roberts-Austen ulikuwa na vipimo vyema na makosa ya maana. Roozeboom aliusoma kwa kanuni ya Gibbs, na mwaka 1900 akatoa mchoro uliorekebishwa, akionyesha ni mistari ipi haiwezi kukutana na ni ipi lazima ikutane. Hapo lulu ya Sorby ilipata maelezo. Chuma kilichoganda, kikiwa kingali na joto kali, huichukua kaboni ndani yake kama maji yachukuavyo chumvi. Kikipoa hadi digrii 727 kikiwa na kaboni karibu sehemu 0.8 katika mia, hakiwezi kuichukua tena, hugawanyika mara moja kuwa chuma laini na kiwanja kigumu cha chuma na kaboni, navyo hutoka pamoja, kibamba kwa kibamba. Fezi tatu, vitu viwili, uhuru hakuna: ni hesabu ile ile ya lehemu, ikitendeka ndani ya yabisi. Tangu siku hiyo bwana wa kiwanda aliyetaka kujua feleji yake ipashwe moto hadi wapi na ipozwe namna gani alikuwa na kitu cha kutazama, kama nahodha aliye na ramani ya miamba mahali ambapo zamani alikuwa na kumbukumbu ya rubani mzee tu.

Göttingen, Cambridge na mawe ya Bonde la Ufa

Baada ya 1900 michoro ilitoka kwa wingi. Charles Heycock na Francis Neville wa Cambridge walitumia miaka mingi katika shaba na bati, wakiipasha michanganyiko moto na kuizamisha ghafula katika maji ili hali ya ndani ishikwe kabla haijageuka. Kazi yao ya 1903 ilionyesha kuwa mchanganyiko huo, uliotumika kufanyia panga na kengele kwa miaka elfu nyingi, una mambo mengi ndani yake kuliko mtu alivyowaza. Gustav Tammann, huko Göttingen, tangu mwaka huo huo aliwapa wanafunzi wake madini mawili mawili, vipande vidogo vya gramu chache, wapoze na kupima. Hila yake ilikuwa nzuri kwa wepesi wake: alipima zebaki, au sindano ya kipima umeme iliyochukua mahali pake, inasimama kwa muda gani, maana kadiri yutektiki ilivyo nyingi ndivyo kusimama kunavyorefuka, na kadiri yenye kisimamo kirefu kuliko zote ndiyo yutektiki yenyewe.

Kutoka madini elimu ilihamia kwenye mawe. Katika maabara ya jiofizikia ya Carnegie, mjini Washington, Norman Bowen aliyeyusha madini ya mawe ya volkeno. Mwaka 1915 alitoa mchoro wenye daiopsaidi, ambayo huyeyuka karibu na digrii 1390, na anothaiti, ambayo huyeyuka karibu na 1550, ilhali zikiwa pamoja huyeyuka kiasi cha 1270. Bowen alidai kuwa mlima wa moto ni chungu kinachopoa: punje zikitangulia kutoka na kuzama, maji yanayobaki hugeuka, na mwisho wake yote huelekea kadiri moja ya joto la chini. Dai kama hilo lilitaka ushahidi wa mawe halisi, na ushahidi mmojawapo alioutaka aliupata kwetu. Katika miaka ya 1937 na 1938 aliweka juu ya mchoro wake hesabu za lava za Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Nazo, pasipo kulazimishwa, zilikusanyika katika bonde la joto la chini la mchoro, mahali hasa ambapo maji ya mwisho yangetarajiwa kufika. Katika habari yote hii hakuna jambo linalonifurahisha kama hilo: kwamba hesabu iliyoanza katika chungu cha lehemu ilikuja kusoma mawe yaliyomiminika katika ardhi ya Kenya na Tanzania.

Kutoka kupima hadi kuhesabu

Kwa kuwa Gibbs alikuwa ametoa hisabati, palikuwa na njia ya kuchora pasipo kuyeyusha. Johannes van Laar wa Amsterdam aliihesabu michoro ya namna hiyo kwa kalamu mwaka 1908, ila hesabu zilikuwa ndefu kupita nguvu za mtu. Zilingoja mpaka kompyuta zilipokuja, na mwaka 1970 Larry Kaufman pamoja na Harold Bernstein wakatoa kitabu cha namna ya kuzitumia kwa kazi hiyo.

Haja yake ilidhihirika katika lehemu yenyewe. Kwa kuwa risasi ni sumu, nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kutumiwa kwake katika vyombo vingi vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na ule mchanganyiko wa digrii 183, uliounganisha redio na simu nyingi za karne iliyopita, ukalazimika kutafutiwa badala. Badala iliyochukuliwa na viwanda vingi ni bati lenye fedha kidogo na shaba kidogo, na watafiti walipoupima na kuuhesabu mchoro wa vitu hivyo vitatu waliikuta yutektiki yake penye digrii 217, fedha ikiwa sehemu 3.5 katika mia na shaba pungufu ya moja. Digrii 34 zilizozidi zilidai tanuri zenye joto zaidi, vibao vya umeme vya kustahimili joto hilo, na sehemu ndogo ndogo zilizotengenezwa upya. Na mafundi waliozoea kuijua lehemu kwa macho, kwa namna inavyong'aa ikiganda, iliwabidi kujifunza tena, maana lehemu mpya huganda kwa uso wenye kufifia hata kiungo kikiwa kizima.